Mkate Uliolala Kichwa Chini

Agrafena Timofeyevna aliogopwa na mtaa mzima kwa vitu viwili: ulimi wake na mkate wake wa Pasaka. Ulimi watu walikuwa wameuzoea, kama mtu anavyozoea mbwa wa jirani. Unajua kamba yake inaishia wapi, unapita mbali kidogo. Mkate ndio haukuzoeleka. Mwaka mmoja, enzi za ujana wake, kulichi yake, ndio huo mkate wa Pasaka, ilipanda ndani ya tanuri mpaka ikagonga dari la matofali, ikakata kona, ikatokeza mdomoni kama ulimi wa ng'ombe, na mumewe Saveli akaitwa na shoka aifungulie njia. Wanaobisha waende wakaangalie. Alama ya shoka bado ipo kwenye boriti.

Alhamisi Kuu, siku ya kukanda na kuoka, nyumba ya Agrafena ilikuwa kimya kuliko makaburini. Unga wa Pasaka ukishtuliwa na mlango au kelele hunywea, na ukinywea ndio basi. Paka alitolewa nje akiwa amefungwa vitambaa miguuni. Saveli mwenyewe siku moja alibanwa na chafya karibu na beseni la unga, akaikaba, akaimeza, na sikio lake la kushoto likaziba mpaka anazikwa.

"Sikio moja lilimtosha," Agrafena aliwaambia waombolezaji. "Hata hilo alikuwa halitumii."

Maana mkate wa Pasaka hapa kwetu kando ya mto Vyatka si chakula tu. Ukipanda vizuri, nyumba imeuvuka mwaka. Ukizama katikati, kuna mtu ndani ya nyumba hiyo hataiona Pasaka nyingine. Na mkate wowote ule, hata kipande cha mkate mweusi wa jana, haulazwi kichwa chini. Kufanya hivyo ni kuiitia nyumba jeneza. Mtoto wa kwetu hajui kufunga viatu lakini akiona mkate umelala kifudifudi ataugeuza, hata akiwa kwa adui wa baba yake.

Agrafena aliyajua hayo kama wengine, ila yeye aliyatumia. Mke wa kwanza wa mwanawe Arkadi alikuwa Zoya, binti ya Kapitolina wa nyumba ya pili, msichana mnene mpole anayecheka kwa pua. Pasaka yake ya kwanza pale, kulichi aliyoioka ilipasuka ubavuni. Mama mkwe aliiweka juu ya sinia, akaifunika kitambaa cheupe, akapita nayo uzio kwa uzio mtaa mzima kama anatangaza msiba.

"Tazameni, majirani," alisema. "Mkwe wangu amenikatia sanda. Ameanza na upande wa mbavu."

Zoya aliondoka kabla majani hayajaota. Arkadi alilia wiki nzima, akanywa wiki iliyofuata, kisha akabaki. Akamkatia mama kuni, akamsafishia theluji njiani, akamtengenezea ngazi. Hilo ndilo Agrafena alilojifunza: mke huondoka, mtoto wa kiume hubaki. Na Kapitolina, mama yake Zoya, tangu siku hiyo alizungumza naye mara moja tu kwa mwaka, kwenye salamu ya Pasaka, tena kwa meno yaliyofungwa.

Miaka ikapita. Agrafena akateleza kwenye barafu ya kisimani, nyonga ikavunjika, ikaunga vibaya. Akawa anatembea kwa gongo, akiburuta mguu kama gunia. Hapo ndipo Arkadi alipomleta Inna.

Inna alitoka mjini, mwembamba, mwenye miwani, anafanya kazi ya kuuza dawa. Alikuja na sanduku la nguo na sufuria ya umeme, yenye kifuniko cha kubana, vitufe kifuani na taa inayowaka kama jicho la paka. Aliiweka juu ya meza karibu na tanuri kubwa, lile la matofali linalokula nusu ya chumba.

Agrafena aliizunguka na gongo lake. "Hii nini?"

"Ya kupikia, mama. Uji, supu, nyama. Hata mkate naoka humo."

"Mkate unaoka ndani ya ndoo."

"Unatoka mzuri sana, mama. Mlaini."

"Hata jongoo ni laini, binti. Hatuli."

Kwa mwaka mzima ilikuwa hivyo. Lakini Inna hakuwa Zoya. Ukimchoma, hakulia, alifuta miwani yake tu, akaivaa tena, akakutazama kama anayesoma maandishi madogo ya chupa ya dawa. Na majira ya baridi yalipoanza akashika mimba. Arkadi akaanza kusema maneno ambayo mama yake hakuyapenda: kwamba mjini kuna hospitali nzuri, kwamba mama yake Inna ana chumba kisicho na mtu, kwamba labda wahamie huko, mtoto azaliwe huko, halafu wataona.

"Halafu mtaona nini?" Agrafena aliuliza.

"Tutaona tu, mama."

Agrafena alilala macho wazi. Akaiona nyumba bila Arkadi: kuni hazijapasuliwa, theluji imefika madirishani, yeye na mguu wake mmoja na nusu wakigombania ndoo ya maji. Afadhali yule wa miwani aende mwenyewe kwa mama yake, kama alivyokwenda yule mwingine. Arkadi atalia, atakunywa, atabaki. Mjukuu ataletwa siku za sikukuu. Akaamua hivyo kama mtu anavyoamua kuku yupi achinjwe.

Alhamisi Kuu ikafika, matope hadi magotini, mto unapasua barafu. Agrafena akatangaza kwamba mwaka huu nyonga haimruhusu kuinama tanurini.

"Basi nitaoka mimi, mama," Inna akasema. "Naomba niwashe tanuri."

"Tanuri hili linanijua mimi. Mkono mgeni likiuona hutema. Wewe una ndoo yako."

Inna akafuta miwani. "Haya. Nitaoka kwenye ndoo."

Akakanda. Hata Agrafena, akichungulia kutoka kitandani, moyoni alikiri kwamba mkono wake haukuwa mbaya. Mayai, siagi, hamira iliyotoka povu kwenye maziwa ya uvuguvugu, iliki, zabibu kavu zilizogaragazwa kwenye unga zisizame chini. Unga aliuacha uumuke ndani ya sufuria yenyewe, kwenye joto dogo, na ukaumuka kimya bila kumhitaji mtu atembee kwa vidole. Kisha akabonyeza kitufe cha kuoka.

"Jambo moja tu, mama," akasema akivaa koti. "Tusiifungue mpaka ipige kengele, na hata ikishapiga iachwe kidogo. Ikifunguliwa mapema mkate unaanguka. Nakwenda kuanua nguo, mvua inakuja."

Hapo sasa. Mtu akikuonyesha mahali alipoficha kisu, usiseme hukukitafuta.

Agrafena alisubiri mlango ufungwe, akajivuta hadi mezani. Alihangaika na kitasa cha kifuniko mpaka kikaachia. Na hapa ndipo miaka yake yote ya tanuri ilipomponza. Tanuri la matofali lina moto mkavu. Ukitaka kuona mkate, unatia uso mdomoni kabisa, unachungulia. Akafanya vivyo hivyo. Akainua kifuniko na kutia uso. Mvuke wote uliokuwa umebanwa mle ukamkumba shavu la kulia kama kofi la marehemu Saveli anayelipiza kisasi cha sikio.

Hakupiga kelele. Alikuwa mwanamke wa kumeza, na kumeza aliwafundisha wengine. Akasimama machozi yakimtoka, akautazama mkate ukishuka taratibu katikati, kama kitanda mtu anapokikalia. Akafunika. Akarudi kulala na kujifunika shuka hadi puani.

Kengele ilipolia Inna alifungua, akasimama pale muda mrefu. Agrafena aliusikiliza ukimya huo kwa raha, hata shavu likapoa kidogo. Alingoja kilio. Badala yake akasikia vyombo. Inna alichukua kichungio cha plastiki cha kupikia kwa mvuke kilichokuja na sufuria, akakifunika juu ya mkate, akapindua sufuria nzima, na mkate ukatoka tako juu. Ndivyo wanavyofanya wote wanaooka kwenye sufuria hizo, maana juu haupati rangi, hubaki mweupe kama tumbo la samaki, na chini ndiko hukauka vizuri na kupata wekundu wa asali. Shimo likaenda chini. Chini ikawa juu. Akaupaka sukari iliyopigwa na ute wa yai, akaunyunyizia punje za rangi. Ukiitazama, kulichi safi, fupi, pana, inang'aa.

Arkadi aliporudi kazini aliisifu. "Mama, umeona? Kama ya dukani."

"Nimeona," Agrafena akasema. "Fupi kama kigoda cha kukamulia. Ila inang'aa."

"Shavu lako limefanya nini?"

"Nimelilalia."

Mkate ulizama, yeye aliuona umezama kwa macho yake, na ule utabiri ulikuwa umelala mle chini, umefichwa kama maiti chini ya zulia, na hakuweza kusema neno. Ijumaa nzima alikaa juu ya siri hiyo kama kuku juu ya yai bovu. Jumamosi asubuhi akasema anakwenda kanisani mkate ubarikiwe, mguu au bila mguu, na wakaenda wote watatu.

Uani mwa kanisa meza ndefu ilikuwa imepangwa, wanawake wa mtaa mzima wamesimama pande zote mbili, kila mmoja na kikapu chake, mayai mekundu, kulichi imechomekwa mshumaa. Padri alikuwa bado ndani. Ni wakati ule wanawake wanapotazama mikate ya wenzao na kuisifu kwa namna ambayo mtu hulala njaa kwa sifa. Kapitolina alikuwa mkabala, na kulichi mbili ndefu kama mabuti.

"Na hii ya nani?" mwanamke mmoja akauliza. "Nzuri. Pana."

"Ya Inna wetu," Arkadi akajibu, na kifua mbele. "Ameioka kwenye sufuria ya umeme, bila tanuri."

Minong'ono ya kuvutiwa ikapita. Hapo Agrafena hakuweza kuvumilia tena. Alinyoosha mkono, akang'oa mshumaa, akaishika ile kulichi na kuipindua mbele ya watu wote. Sukari ikabonyea mezani. Juu ikabaki shimo jeupe, lenye mikunjo, kama mdomo wa bibi aliyevua meno.

"Tazameni vizuri, majirani," alisema kwa sauti ile ile ya miaka ile. "Umezama. Umezama, na ameulaza kichwa chini ili msione. Mara mbili msiba. Nyumbani mwangu kuna mtu haioni Pasaka nyingine." Akayashusha macho taratibu hadi kwenye koti la Inna, pale lilipoanza kubana vifungo. "Na kifo hakipendi mzigo mzito. Huanza na aliye mwepesi kubebwa."

Inna alikunja mikono yote miwili juu ya tumbo lake. Midomo ilimgeuka rangi ya ile sukari. Halafu akafuta miwani, akaivaa.

"Mama," akasema. "Ulijuaje kwamba umezama?"

"Si huo hapo, mna macho."

"Sasa hivi tunauona. Lakini umeupindua ukijua. Mimi niliutoa ukiwa tako juu, na wewe umelala kitandani na shuka puani. Hukuja mezani. Ulijuaje kuna shimo?"

Agrafena alivuta pembe ya kitambaa cha kichwani kuelekea shavuni.

Kapitolina ndiye aliyeinama juu ya meza, taratibu, kama mtu anayechagua samaki. Akalitazama shavu. Lilikuwa limeiva, jekundu hadi sikioni, ngozi imeanza kuvimba malengelenge.

"Grunya," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Zoya kumwita kwa jina la utotoni. "Shavu hilo limeungua na nini?"

"Tanuri."

"Juzi moshi haukutoka kwako. Niliangalia. Huwa naangalia." Akajinyoosha. "Mimi nina dada anapikia ndoo kama hiyo. Siku ya kwanza aliinua kifuniko akachungulia kama mwendawazimu, ikamtia alama mahali hapo hapo. Shavu la kulia. Wewe ulifungua, Grunya. Uliufungua mkate wa mwenzio ukiwa motoni, halafu umesimama mbele ya kanisa umemzika mtoto wa mwanao."

Mwanamke mmoja mwisho wa meza alicheka. Si kicheko cha furaha. Ni kile cha mtu aliyesubiri sana. Kikamwambukiza aliye karibu naye, kikapita kikapu kwa kikapu, mpaka Agrafena akauona mtaa mzima, wote aliowahi kuwaonjesha ulimi wake, wakitazama shavu lake kwa shukrani.

Arkadi hakucheka. Aliuokota ule mkate, akaupindua tena kichwa chini kama mkewe alivyoutoa, akauweka kikapuni. "Twende, Inna," akasema.

"Na mimi?" Agrafena akauliza. "Matope haya, na mguu huu?"

"Umekuja, mama. Utarudi."

Padri alipotoka na ndoo yake na brashi ya kunyunyizia, alimkuta amesimama mbele ya doa la sukari. Akamrushia maji kama wengine. Yalimpiga shavuni, na mara hii akapiga yowe.

Walihamia mjini wiki hiyo hiyo. Sufuria waliiacha, Inna alisema hataki kuiona tena. Mtoto akazaliwa kiangazi, habari zikamfikia Agrafena kupitia mwanamke wa duka, aliyezisikia kwa mtu wa posta, aliyezisikia kwa Kapitolina. Mzima, mnene. Jina hakuna aliyemwambia, na aliyelijua alifurahi kutolisema. Nguo za mtoto alizozifuma akatuma. Zikarudi zimefungwa vizuri. Arkadi alimpigia simu siku za sikukuu, akauliza juu ya nyonga, akaagana. Kuni alipasuliwa na mlevi wa mtaani, zikawa mbichi na ndefu kuliko mdomo wa tanuri, na theluji ilifika madirishani kama alivyoiona usiku ule, ila ilikuwa ya juu zaidi.

Mwaka uliofuata, Alhamisi Kuu, tanuri lisingeweza kuwashwa kwa kuni zile, na nyonga kweli haikuinama. Agrafena aliitazama sufuria ya umeme kutwa nzima. Mwishowe akakanda. Hakukuwa na haja ya kumtoa paka nje, wala ya kumnyamazisha mtu. Kimya kilikuwepo cha kugawa. Akabonyeza vitufe alivyomwona Inna akivibonyeza. Kengele ikalia, akasubiri, akasubiri zaidi, akakaa mbali kabisa akainua kifuniko kwa ncha ya gongo.

Mkate ulikuwa umepanda. Haukuzama hata kidogo. Ila juu ulikuwa mweupe, wenye unyevu, kama tumbo la mtu aliyeokotwa mtoni. Alijua la kufanya. Hakulifanya. Akaupaka sukari hivyo hivyo, ikateleza, ikamwagika pembeni.

Jumamosi akauchukua kanisani kwa kikapu, akipumzika kila uzio. Alipofika mezani, wanawake walimpisha. Wakampisha sana, pande zote, nafasi ya watu wawili kila upande. Akauweka mkate wake chini, akainua macho, na ndipo alipoona.

Meza nzima, kutoka mwisho hadi mwisho, kulichi zote zilikuwa zimelala kichwa chini. Ndefu, fupi, za tanuri, za bati, hata zile mbili za Kapitolina zilizosimama kama mabuti yaliyogeuzwa yakauke. Watu wale wale wasiothubutu kuuacha mkate mweusi ukilala kifudifudi mbele ya mbwa. Wote walikuwa wanamtazama, nyuso zimetulia kama za picha takatifu. Wa Agrafena peke yake ndio uliosimama sawasawa, mweupe, ukitokwa jasho.

"Vipi, Grunya," Kapitolina akasema kwa upole. "Wako mbona umekaa vibaya?"

Padri alikuwa anatoka mlangoni. Agrafena alitazama kulia, kushoto. Kisha akaushika mkate wake kwa mikono miwili, akaupindua. Chini ulikuwa mwekundu wa asali, umekauka vizuri, mkate mzuri kweli.

"Haya," Kapitolina akasema. "Kumbe rahisi tu." Na walipokwisha nyunyiziwa, kila mwanamke akageuza mkate wake, akajiombea kimoyomoyo, akafunika kikapu na kwenda zake. Hakuna aliyempa mkono wa kuvukia matope.

Siku ya Pasaka aliketi mezani na ule mkate, na simu ikalia.

"Kristo amefufuka, mama," akasema Arkadi.

"Amefufuka kweli, mwanangu. Nimeoka."

"Umeoka wapi, na mguu huo?"

"Kwenye ndoo. Haukuzama."

"Vizuri, mama."

Nyuma ya sauti yake mtoto alilia, kilio kirefu, kinono, cha mtu anayedai haki yake. Agrafena alibana simu kwenye sikio, upande wa shavu lililobaki na kovu, asikose hata kidogo. Kilio kikakatika ghafla, kana kwamba mlango umefungwa.

"Arkasha," akasema, akimwita kwa jina la utotoni. "Huyo ni nani?"

Akamsikia mwanawe akivuta pumzi.

"Ni televisheni, mama."

Agrafena akakata kipande cha mkate, akakitia mdomoni, akakitafuna polepole mpaka akaweza kumeza.

"Televisheni yenu," akasema, "ina mapafu mazuri."